Noah imechemsha Soni, fundi anataka nibadili injini, shemeji anataka aichukue. Nifanyeje?

BARUA

Mjomba shikamoo,

Mimi niko Makorora hapahapa Tanga, kazi yangu kupika kwenye shughuli, harusi, arobaini, maulidi, ukitaka pilau la watu mia mbili ndo mimi. Nakuandikia saa sita usiku kwa sababu nyumbani kila mtu ana jibu lake na hakuna hata mmoja anayetoa hela.

Gari yangu ni Noah ile ya zamani, SR40, ya mwaka 1998, namba B. Niliipata 2013 kwa hela ya kikoba na bangili yangu ya dhahabu niliyoiuza, nikachomoa kiti cha mwisho kabisa ili masufuria yakae, na tangu hapo ndo miguu yangu. Asubuhi inampeleka Nasri shule, ikitoka hapo inaenda Deep Sea kuchukua samaki, inapita Mgandini kwa nyanya na vitunguu, jioni inabeba mapochopocho ya watu. Injini haijawahi kufunguliwa hata siku moja. Ni kweli tangu mwezi wa Shaabani, mdogo wangu anayeiendesha alikuwa anaongeza maji kwenye rejeta kila asubuhi, chupa moja hivi, lakini alisema gari za zamani ndo zilivyo na mie nikaona maji si bure tu.

Sasa Mfungo Mosi tukapata harusi Lushoto. Mie nilitangulia na basi jana yake kuandaa jiko, dogo akaja na gari alfajiri, imejaa hasa, masufuria, magunia mawili ya mkaa, ndoo za nyama na wasichana wangu wawili wa kunisaidia. Mombo wakasimama wakanywa chai wakaanza kupanda mlima. Dogo anasema mshale wa temprecha ulianza kupanda mapema tu, akasema ngoja nifike mbele penye kivuli, na hapo mbele hakusimama maana walishachelewa na mimi nampigia simu kila dakika (najua, na mimi nina langu). Mara mshale ukashuka wenyewe. Akawaambia wale wasichana alhamdulillah imepoa. Hawakufika mbali, karibu na Soni ikakosa nguvu ikazima, mvuke unatoka chini ya kiti kama sufuria la wali limefunuliwa.

Kufungua rejeta, maji hakuna hata tone. Wakachota ya mtoni, ya baridi, wakamimina palepale. Halafu usicheke Mjomba, dogo akachukua mayai mawili kwenye trei yangu akayavunjia humohumo kwenye rejeta, ati ute unaziba panapovuja. Baada ya masaa mawili ikawaka, wakafika kwa kusimamasimama wakiongeza maji, pilau likaliwa, bibi harusi mpaka leo hajui kitu. Kurudi Tanga tuliipakia kwenye lori lililokuwa limepandisha saruji linashuka tupu, laki 2 na nusu.

Sasa hivi hali yake iko hivi. Ikiwaka asubuhi inatetemeka kama mtu mwenye malaria, dakika moja hivi, inatoa moshi mweupe, halafu inatulia. Ukienda nayo Chumbageni na kurudi mshale unaanza tena kupanda. Haigongi. Fundi alichomoa stiki ya oil mbele yangu nikaona ni oil nyeusi ya kawaida. Hakufungua kitu kingine, akasikiliza akasema mama hii injini imekwisha, weka ya mkononi kutoka Dar, milioni 2 na laki 3, ufundi laki 3, siku mbili unaondoka na gari yako.

Mume wangu anasema tusihangaike na mkweche, tuuze tuongezee tununue IST, kale kagari kadogo, namba D, inakula mafuta kidogo. Mdogo wake, shemeji yangu, ni dalali wa magari, yuko tayari kunipa milioni 2 na nusu taslimu hivyohivyo ilivyo, na wakati huohuo ndo yeye aliyeniambia Noah kama yangu ikiwa nzima anaiuza 7 na nusu. Mimi nina milioni 4 na laki 3 za kikoba. Kuna kijana wa mikopo naye anasema nimletee kadi ya gari ananiongezea milioni 3 leoleo.

Bodi haina shida, rangi tu imepauka, na mvua ikinyesha viatu vya Nasri vinalowa pale anapokaa nyuma ya dereva, nadhani mpira wa mlango umechoka.

Nitengeneze au niachane nayo?

Mama Nasri, Makorora

MAJIBU

Marahaba mama, na pole. Pilau kufika Lushoto kwenye gari isiyo na maji, hao wasichana wako waongeze mshahara.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kilichonishtua sio Soni. Kilichonishtua ni viatu vya Nasri. Umeviandika mwisho kabisa kama mtu anayekumbuka chenji ya daladala, na kwangu mimi ndo barua yenyewe ilipo. Ila nikianza na viatu utaona mjomba amezeeka, kwa hiyo tupande kwanza mlima.

Ule mshale ulioshuka. Dogo wako sio mjinga, madereva wengi sana wamedanganywa na mshale huohuo. Geji ya temprecha inasoma kutoka kwenye sensa ndogo iliyochomekwa kwenye injini, kichwa chake kimechovya kwenye maji. Maji yakiwepo inasema ukweli. Maji yakiisha inabaki inaning'inia kwenye hewa na mvuke, na inaweza kukuonyesha imepoa wakati chuma kinaungua. Kwa hiyo pale dogo aliposema alhamdulillah ndo hasa maji yalikuwa yamekwisha, na kutoka hapo mpaka ikazima alikuwa anapika injini kavu. Siku nyingine mwambie mshale ukipanda halafu ukashuka wenyewe mlimani na mzigo mgongoni, hapo ni kuzima papo hapo, nyama ioze.

Sasa nini kimeharibika humo. Injini yako ni 3S, lita 2, bloku yake ni chuma na hedi inayokaa juu yake ni aluminiamu, katikati wamelaza gasketi, kile kibati chembamba cha kuziba. Aluminiamu ikipata moto kupita kiasi inapinda, haihitaji kupinda sana, unene wa unywele unatosha, gasketi inapoteza kukaba na maji yanaanza kupenya kuingia kwenye silinda. Halafu juu ya joto hilo wakamwaga maji ya mto wa Soni ambayo sote tunajua ubaridi wake. Hapo ningependa waizime, waifungulie milango, wakae zao chini ya mti mpaka mkono uvumilie kugusa, ndo waweke maji kidogokidogo.

Dalili ulizonipa zinaimba wimbo mmoja. Usiku gari imelala, maji yanadondoka tone tone ndani ya silinda, asubuhi ukiwasha silinda hiyo haichomi vizuri, ndo huo mtetemeko wa malaria, inayatema yale maji kama moshi mweupe, ikishayamaliza inatulia. Kesho vilevile. Na bila shaka hata kabla ya Lushoto palikuwa panavuja mahali, maana chupa moja ya maji kila asubuhi tangu Shaabani haipotei hewani mama. Noah yako injini iko chini ya viti vya mbele na rejeta iko kule puani, katikati yake maji yanasafiri kwenye mabomba na hozi ndefu zinazopita chini, na hayo mabomba ukanda wetu huu wa chumvi yanaoza. Soni haikuiua gari yako, ilimalizia tu kazi ya miezi.

Na hapa ndo sikubaliani na fundi wako, ingawa simwiti mwizi. Kubadili injini ni kazi safi kwake, siku mbili, hakuna kurudiwa na mteja kwamba hedi inavuja tena, na kwenye injini ya kuagizwa mtu hakosi cha juu kidogo. Ningekuwa bado na gereji labda na mimi ningekushawishi hivyohivyo Ijumaa jioni. Lakini injini haigongi na oil haijachanganyika na maji, ingechanganyika ungeiona kama chai ya maziwa, huwezi kusema imekwisha kwa kusikiliza tu. Mtu akitaka milioni 2 na laki 6 kwako apime kwanza.

Kipimo chenyewe kinaitwa kupima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa kwenye kila silinda, anachomoa plagi zote nne, anaweka geji kwenye kila tundu, mnapiga stata. Mtapata namba nne. Usiwaze sana ukubwa wake, angalia zinakaribiana au la. Mbili za jirani zikiwa chini na nyingine mbili ziko juu, gasketi imepasuka kati ya hizo mbili. Iliyo chini amwagie kijiko kimoja cha oil kwenye tundu lake apime tena, ikipanda ujue ringi za pistoni ndo zimelegea kwa moto, isipopanda tatizo liko juu kwenye hedi au valvu. Kazi ya lisaa limoja hiyo, elfu 30 sana sana. Simama pale uandike wewe mwenyewe zile namba kwenye daftari lako la oda.

Ikija kuwa ni hedi, na mimi hela yangu naiweka hapo, basi inashushwa inapelekwa kwenye mashine. Kabla haijapelekwa mwambie fundi akuonyeshe: analaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya hedi, anapenyeza vibati vyembamba vya kupimia katikati, mpaka hapo utaona kwa macho yako pamepinda wapi. Wataiskimu, yaani watausaga uso wake mpaka unyooke, wataipima kama ina ufa, gasketi mpya, na wakati wa kurudisha zile bolti 10 za hedi zinakazwa kwa toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu. Ukimuona fundi anakaza kwa bomba refu na nguvu za bega, mzuie, hata kama atanuna.

Na humohumo kwenye kufungua, wota pampu ya 3S inazungushwa na taiming belti, kwa hiyo ukifika huko badilisha vyote viwili, ni ujinga kulipa ufundi mara mbili. Temostati mpya. Hozi zote mpya. Na rejeta, mama, rejeta usiihurumie. Yale mayai mawili yameiva humo ndani, yameganda kwenye vijitundu ambavyo hata bila mayai vilishajaa kutu ya maji ya kisima, sasa una rejeta yenye kiamsha kinywa. Tupa, nunua nyingine, jaza koolanti sio maji ya bomba wala ya kisima chenye chumvi, na kwa kuwa njia ya maji kwenye hizi Noah ni ndefu wahakikishe wametoa hewa yote, maana hewa ikibaki imejibana humo gari itachemsha na rejeta mpya na utarudi kunitukana.

Unaona sasa kwa nini injini ya mkononi isingekusaidia? Wangeichomeka kwenye rejeta ileile yenye mayai. Mwezi mmoja tu unapanda Soni tena.

Jumla yake hiyo yote, kwa bei ninazozisikia huku mjini, iko kwenye laki 8 mpaka milioni, inategemea spea umepata ya aina gani. Gasketi usinunue ya bei ya chini kabisa. Hapo tu.

Haya. Tuje kwenye viatu.

Umesema mvua ikinyesha vinalowa nyuma ya dereva na unadhani ni mpira wa mlango. Mama Nasri, nyuma ya dereva kwenye Noah yako hakuna mlango. Mlango wa kuvuta uko kushoto. Kulia ni bati tupu na kioo. Maji yanayomfikia mtoto pale hayatoki juu, yanatoka chini, tairi la mbele linayarusha na sakafu inayaruhusu.

Na mwenye kuitoboa sakafu ni wewe na biashara yako, wala sikulaumu. Miaka yote hii unatoka Deep Sea na ndoo za samaki na barafu, kila kona inamwagika kidogo, yale maji ya chumvi yanapita chini ya kapeti na kapeti inayashika kama sponji. Juu unapiga deki kunanukia vizuri, chini bati linaliwa polepole. Gari za Tanga nyingi zinakufa hivyo, zimependeza juu. Siku hizi mtu akiniambia bodi haina shida namuuliza umelala chini yake lini.

Hili nimelijua kwa hela yangu mwenyewe. 2009 nilikuwa na Corolla 110, injini imechoka, mimi fundi, gereji yangu, nikaifanyia ovahoo ya kujionyesha kabisa, kila kitu ndani kipya, ukiiwasha hujui kama imewaka. Chini sikuangalia, fundi mzima! Miezi minne tu, niko njia ya Pangani enzi hizo vumbi na mashimo, nasikia kishindo nyuma, kufungua buti shokapu ya kushoto imetoboa bati imeingia ndani inanitazama. Kutu ilikuwa imekula pale panapoishikilia. Injini ile nzuri nikaichomoa nikamuuzia mtu, bodi ikaenda kwenye skrepa kwa kilo. Tangu siku hiyo gari ya mteja ikiletwa na ugonjwa wa injini mimi naanza na miguu.

Kwa hiyo kesho, kabla ya kompresheni, kabla ya shemeji, tafuta gereji yenye shimo. Wafungue kapeti yote, yote nasema, wasinyanyue kona moja wakakwambia iko poa. Chukua bisibisi ile bapa. Juu gonga sakafu, chini ingia na tochi uchome kwa nguvu ya kawaida kwenye zile mbavu ndefu zinazokwenda kutoka mbele mpaka nyuma, na pale wishiboni za mbele, ile mikono inayoshika matairi, zilipofungwa, na pale shokapu na mikono ya nyuma ilipofungwa. Chuma kizima kinajibu, kinalia ting. Kilichooza kinatoa sauti kama unagonga boksi la biskuti lililolowa, na bisibisi inazama. Wasikuzuge na rangi nyeusi iliyopakwa chini, kwangua.

Ikiwa imezama kwenye sakafu tu, pale miguu ya Nasri inapokaa, hiyo sio kesi, fundi bodi anakata anachomelea bati jipya anapaka ya kuzuia kutu, laki 2 au 3, unaweka na trei ya plastiki ya samaki maisha yanaendelea. Ikiwa imezama kwenye zile mbavu au pale panaposhika miguu ya gari, mama simama hapohapo, hata elfu 30 ya kompresheni usiitoe. Watakwambia wanachomelea. Wanachomelea kweli, na linashika, na siku ukiwa na masufuria na wasichana wawili mteremko wa Soni sitaki kuwaza.

Sasa hela. Wako watu wanapiga hesabu kwamba matengenezo yakizidi nusu ya bei ya gari achana nayo. Mie hesabu hiyo sijawahi kuielewa. Bei ya kuuza gari na bei ya kupata nyingine inayokufanyia kazi ileile ni vitu viwili tofauti kabisa. Ukichukua 2 na nusu za shemeji ukaweka na za kikoba una milioni 6 na laki 8, na Noah kama yako ikiwa nzima anaiuza yeye mwenyewe 7 na nusu! Yaani unatoa gari yako na akiba yako yote na bado hujaifikia gari uliyokuwa nayo. Upande wa pili chini ikiwa nzima, unatoa milioni na laki mbili tatu hivi, unabaki na gari inayotembea na kama milioni 3 mkononi. Na gari hiyo unaijua. Ile nyingine inaweza kuwa na mayai yake pia.

Na magari ya zamani hayashuki bei hapa kwetu kama watu wanavyodhani, sababu anayeagiza anapigwa ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT 18, na gari ikizidi miaka 10 anaongezewa uchakavu asilimia 30 juu yake. Shemeji yako anayajua hayo usingizini.

IST ni gari nzuri, mumeo hajakosea kwenye mafuta. Muulize tu sufuria la kilo hamsini linaingilia wapi. Ukiwa na IST kila shughuli utakodi kirikuu, kile kipikapu kidogo cha mizigo, ikiwa kwenda na kurudi ni elfu 50 na una shughuli tano kwa mwezi hiyo ni laki 2 na nusu, na miezi kama Rajabu na Shaabani unajua mwenyewe zinafika ngapi. Mafuta unayookoa yanaishia kwa mwenye kirikuu. Mwambie hivyo kwa upole, akiwa ameshiba, na daftari liwe mezani.

Shemeji nisimseme sana, ni ndugu yenu na biashara ndo hiyo. Ila mtu anayetoa 2 na nusu taslimu kwa gari iliyochemsha bila hata kuinama anajua ni gasketi. Kama chini ikija kuonekana mbovu, muuzie yeye, mwambie ukweli ulichokiona na bisibisi, mkubaliane bei mbele ya mumeo ili kesho kusiwe na maneno ya ukoo. Hapo hela yako tafuta Noah nyingine au kirikuu, taslimu, na bisibisi yako mkononi kabla hujauliza bei.

Yule kijana wa kadi mkimbie. Hizo ndo kausha damu zenyewe, mikopo ya kukunyonya, gari ya kazi haiwekwi rehani kwa ajili ya kuitengeneza.

Itakapotokea, sio kitu ninachotegemea lakini itakapotokea, kwamba chini ni nzima na kompresheni imesema ringi zimekwenda zote, hapo injini ya mkononi ina maana. Uisikie ikiwaka kabla ya kulipa ikiwezekana, upewe risiti, garantii iandikwe japo wiki mbili, rejeta mpya vilevile, na ukumbuke namba ya injini iko kwenye kadi yako kwa hiyo taarifa zikabadilishwe TRA, kule mamlaka ya mapato, usije ukahangaika siku ya kuuza.

Kaniandikie ukishafunua kapeti, niambie bisibisi imesema nini. Na Nasri kuanzia kesho asubuhi mhamishie upande wa kushoto.